Farasi jike anapozeeka: homoni, joto na mimba. Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilianza usaisi nikiwa kijana, huku nyanda za juu za Kenya, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni majike wa kuzalisha: kuwajaribia joto (yaani siku ambazo jike yuko tayari kupandwa na dume), kuwashika daktari anapowapima, kulala zizini wanapokaribia kuzaa. Maswali haya huulizwa na masaisi wenzangu na wenye farasi, wengi wao wakiwa na jike mmoja tu wanayempenda, na miaka imeshamwendea. Majibu yangu hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo. Nataka ukienda kwake uende unajua la kuuliza, fedha na muda vikiwa bado vipo.

Jike wangu ana miaka 17 na bado anashika joto vizuri. Si ndiyo kusema bado anaweza kuzaa?

Swali hili naliweka la kwanza kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi. Joto na uzazi ni vitu viwili. Jike wa miaka 17 anaweza kuinua mkia, kukojoa kidogo kidogo na kumkubali dume kama jike wa miaka 6, yai likatoka, likakutana na mbegu, mimba ikatunga, kisha baada ya wiki mbili hakuna kitu. Wewe unasema hakushika. Huenda alishika na mimba ikapotea kabla hujampima.

Watafiti waliwahi kutoa viinitete kwenye mirija ya uzazi ya majike wazee wenye historia ya kutoshika, na kukuta kwamba mayai yao yalirutubishwa kwa kiwango kilichokaribiana na cha majike vijana. Ila kufikia siku ya 14, wazee wale walikuwa wamepoteza zaidi ya nusu ya mimba, wakati vijana walipoteza chini ya moja katika kumi. Tena viinitete vya wazee vilipowekwa kwenye mji wa mimba wa jike kijana mwenye afya, bado vingi havikuishi. Maana yake kasoro nyingine iko ndani ya yai lenyewe. Farasi jike huzaliwa na mayai yake yote. Yai linalotoka akiwa na miaka 18 limekaa mwilini miaka 18. Hakuna sindano inayolirudisha ujana.

Je, farasi jike hukoma kuzaa kama mwanamke anavyokoma hedhi?

Hapana, si kwa namna hiyo. Kwanza hana hedhi. Pili, hana umri maalumu wa kukoma. Kinachotokea ni kwamba kuelekea miaka 20 mzunguko wake unarefuka: vifuko vya mayai vinakua polepole, homoni ya FSH, inayokuza vifuko hivyo, inapanda kwa sababu ubongo unasukuma ovari zilizochoka, na siku za kusubiri yai zinaongezeka. Wengine wakifika miaka ya kati ya ishirini huacha kabisa kutoa yai.

Nieleze mzunguko wa kawaida, kwa lugha ya zizini.

Mzunguko mzima ni siku 21 au 22. Joto huchukua siku 5 hadi 7, na siku 14 au 15 zinazobaki jike hamtaki dume, hata anaweza kumpiga teke.

Ubongo hutuma homoni ya GnRH kwenye tezi ya pituitari. Pituitari hutoa FSH, inayokuza vifuko vya mayai kwenye ovari, kisha LH, inayokomaza kifuko na kukipasua. Kifuko kinachokua hutoa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayoleta tabia zote za joto unazoziona. Kikifika upana wa milimita 40 hivi, wakati mwingine 35 na wakati mwingine 50, hupasuka na yai hutoka. Jambo hili hutokea siku moja au mbili kabla joto halijaisha, ndiyo maana kumpandisha siku ya kwanza ya joto mara nyingi ni kupoteza nguvu za dume bure.

Palipopasuka huota kitezi cha manjano kinachotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, inayofunga shingo ya mji wa mimba na kumfanya jike amkatae dume. Kama hakuna mimba, siku ya 14 au 15 mji wa mimba hutoa prostaglandini, ambayo huua kitezi kile, na mzunguko unaanza upya. Daktari akimchoma jike prostaglandini ili ashike joto mapema, anafanya kazi hiyohiyo ya mji wa mimba. Ila sindano hiyo haifanyi kitu kama kitezi hakijafikisha siku 5 hivi. Wengi huichoma mapema, kisha wanasema dawa ni mbovu.

Vitabu vinasema farasi huzaa kwa msimu na huhitaji taa. Sisi tulio karibu na ikweta tunafanyaje?

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa Uingereza, Ireland na Marekani, na huko wanasema kweli. Giza linapokuwa refu, ubongo wa farasi hutoa homoni ya melatonini kwa saa nyingi, na melatonini huzima GnRH. Majike wengi wa huko hulala kiuzazi wakati wa baridi. Kwa kuwa farasi wa mbio wa nusu ya kaskazini ya dunia wote huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari, wafugaji wanataka watoto wazaliwe mapema mwakani, hivyo huwaweka majike kwenye mwanga wa saa 16 kwa siku kuanzia Desemba mwanzoni. Inachukua wiki 8 hadi 10 kabla ovari hazijaamka. Siku hizi wapo wanaomvisha jike kofia yenye taa ya buluu inayomulika jicho moja, naye akaendelea kulala malishoni.

Kwetu mambo ni mengine. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta, na Nanyuki iko juu ya ikweta yenyewe. Mchana wetu haubadiliki kwa zaidi ya dakika chache mwaka mzima. Jike mwenye afya huku anaweza kuzunguka miezi yote 12. Kinachomsimamisha ni njaa. Nimeona majike waliokonda kiangazi, nyasi zimekuwa vumbi, ovari kwenye altrasaundi ni ndogo na ngumu, hazina kifuko hata kimoja cha maana. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, na kabla ya miezi miwili kupita wakaanza kushika joto. Kwa hiyo fedha ya taa iweke kwenye nyasi kavu nzuri za boma Rhodes na lusani kidogo, uanze kumnenepesha wiki kadhaa kabla ya kumpeleka kwa dume.

Wenzetu mlio kwenye mazizi ya Oman na Ghuba, msichukue jibu hili langu. Muscat mchana wa Desemba ni saa 10 na nusu hivi na wa Juni ni saa 13 na nusu. Hapo msimu upo na taa zina kazi.

Umri gani ndio mwisho wa kumzalisha?

Uwezo hukomaa akiwa na miaka 3 au 4, hukaa juu miaka kadhaa, huanza kushuka kuanzia miaka 12 hadi 15, na baada ya 18 hushuka kwa kasi. Lakini mwisho wa kila jike ni wake. Urban Sea, jike aliyeshinda mbio kubwa za Ufaransa, Prix de l'Arc de Triomphe, mwaka 1993, alizaliwa 1989. Alimzaa dume bingwa Galileo mwaka 1998, na mwaka 2006 akiwa na miaka 17 akamzaa Sea The Stars, ambaye naye alishinda Arc mwaka 2009. Basi mtu akiniambia jike wa miaka 17 hawezi kuzaa mtoto wa maana, namtajia Sea The Stars. Akiniambia umri hauna hatari, namkumbusha kwamba Urban Sea alikufa mwaka huohuo wa 2009, akiwa na miaka 20, baada ya kuzaa.

Jambo moja linalopimwa vibaya: jike aliyezaa kila mwaka bila kukatika ana nafasi nzuri kuliko mwenzake wa umri uleule aliyekaa miaka mitano bila mimba.

Jike wangu ni wa mbio, amestaafu na miaka 14, hajawahi kuzaa. Si kizazi chake ni kipya?

Ndivyo kila mtu anavyofikiri, na nasikitika kukuvunja moyo. Mji wa mimba huzeeka hata usipobeba mtoto. Tezi za ukuta wake huzungukwa na makovu, na tezi hizo ndizo zinazomlisha kiinitete kabla kondo halijashika. Zaidi ya hapo, jike mkubwa ambaye hajazaa mara nyingi shingo ya mji wa mimba yake hailegei vizuri wakati wa joto. Mbegu zinaingia, uchafu hautoki.

Mwambie daktari mapema kwamba hajawahi kuzaa. Asichukuliwe kama jike kijana.

Daktari anasema "ana maji" baada ya kupandwa. Maji gani, na yametoka wapi?

Hapa ndipo majike wengi wazee hupotelea, na hapa ndipo kazi nzuri inapolipa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbegu za dume zikiingia, mwili wa jike yeyote huzipokea kama wageni. Mji wa mimba huvimba kidogo, hujaza chembe nyeupe za damu, husafisha mbegu zilizokufa na bakteria, kisha hujikamua na kusukuma uchafu nje. Kwa jike kijana kazi hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Jike mzee, ambaye mji wake wa mimba umeshuka na kuning'inia mbele kwa sababu ya mimba nyingi, na misuli yake imelegea, anashindwa kujikamua. Uchafu unakaa, unakuwa supu ya bakteria.

Sasa angalia maumbile yalivyotupa nafasi. Kiinitete hakishuki kwenye mji wa mimba mara moja. Hukaa kwenye mrija siku 5 hadi 6 kwanza. Siku hizo ndizo za kusafisha nyumba kabla mgeni hajafika.

Tulikuwa na jike wa kijivu wa miaka 18. Alipandwa mizunguko mitatu na kila mara alirudi kwenye joto. Wa nne daktari alikuja saa sita baada ya kupandwa, akaweka altrasaundi, na kwenye kioo tukaona doa jeusi, pana, katikati ya mji wa mimba. Weusi kwenye kioo ni maji. Akaosha uke kwa nje mara tatu, akapitisha mpira, akaingiza lita moja ya maji ya chumvi ya dawa yenye uvuguvugu, akainamisha mpira ndoo ikapokea. Yalirudi kama maji ya kuoshea mchele. Lita ya pili vilevile, ya tatu yamepungua ukungu, ya nne yalitoka safi hata ungeona chini ya ndoo. Kisha akamchoma oksitosini ili mji wa mimba ujikamue, na mimi nikaagizwa kumtembeza, si kumfungia. Kesho yake doa lilikuwa limebaki uzi tu. Siku ya 16 tukaona kwenye kioo duara jeusi safi, upana wa sarafu. Alizaa jike mwekundu.

Dume alikuwa yuleyule. Tofauti ilikuwa saa zile sita.

Mbona mimba iliyoonekana siku ya 14 hupotea?

Nimekwisha kutaja yai na makovu. Kuna sababu nyingine ambayo ni ya farasi hasa. Hadi siku ya 16 hivi kiinitete hakijashika mahali. Kinazunguka mji wa mimba wote, pembe hii hadi ile, kama mtu anayepiga hodi kila mlango kumjulisha mama kwamba yupo. Mama akipata habari, anazuia prostaglandini. Jike mzee huwa na malengelenge ya maji kwenye ukuta wa mji wa mimba. Lengelenge kubwa likiziba njia, upande mmoja haupati habari, prostaglandini inatoka, kitezi kinakufa na mimba inakwenda. Malengelenge hayo pia yanafanana sana na mimba kwenye kioo, kwa hiyo mwombe daktari ayapime na kuyaandika *kabla* ya kupandisha.

Kuhusu kupima: siku ya 14 hadi 16 ndiyo ya kwanza na usiikose, kwa sababu ya mapacha. Farasi hawezi kubeba mapacha salama. Mara nyingi wote hupotea, au mama huhatarishwa. Daktari huweza kubana kiinitete kimoja kife wakati bado vinazunguka. Kisha siku ya 25 hadi 30 kutafuta moyo unaopiga, na tena karibu siku ya 45.

Mimba ikipotea baada ya siku ya 37 hivi, kondo huwa limeshaota vikombe vinavyotoa homoni yao, eCG, na vikombe hivyo huendelea kuitoa hadi karibu siku ya 120 hata kama mtoto hayupo. Jike hatarudi kwenye joto la kawaida kwa miezi miwili au mitatu. Kwa jike wa miaka 18 huo ni mwaka mzima umekwenda.

Nipime nini kabla ya kulipa ada ya dume?

Altrasaundi ya ovari na mji wa mimba. Usufi wa kuotesha bakteria maabara. Na kwa jike aliyevuka miaka 15, au aliyekaa bila mimba mwaka mzima, kipande kidogo cha ukuta wa mji wa mimba. Watu huogopa hiki cha mwisho, lakini jike hasikii maumivu ya maana, na hakuna kipimo kinachosema ukweli kama hicho. Maabara hutoa daraja: I ina matumaini ya mtoto ya asilimia 80 hadi 90, IIA 50 hadi 80, IIB 10 hadi 50, na III chini ya 10. Jike wa daraja la III na dume wa bei ghali ni fedha ya kuitupa mtoni, na mimi humwambia mwenye farasi hivyo usoni.

Kushona uke kuna faida gani?

Jike mzee akikonda au misuli ikilegea, tundu la haja kubwa huingia ndani na midomo ya uke hulala. Kinyesi na hewa huingia. Daktari Mmarekani aliyeitwa Caslick alieleza mwaka 1937 namna ya kushona sehemu ya juu ya uke, na upasuaji huo bado una jina lake. Ni rahisi, hufanywa akiwa amesimama. Lakini mshono lazima ufunguliwe kabla hajazaa, wiki chache hivi. Andika tarehe ukutani. Jike akizaa umefungwa, atapasuka.

Je, unene na ugonjwa wa Cushing vina uhusiano na kutoshika?

Vina. Jike mnene kupita kiasi, mwenye shingo iliyovimba mafuta, insulini yake huvurugika na mzunguko wake pia. Aliyekonda naye hashiki. Kwenye kipimo cha 1 hadi 9 wanachotumia madaktari, lenga 5 hadi 6: mbavu huzioni, lakini ukipitisha mkono unazihisi.

Cushing huwapata zaidi waliovuka miaka 15. Pituitari huharibika na kutoa homoni ya ACTH nyingi. Ukiona manyoya marefu yasiyoanguka, mgongo umepungua nyama, kwato zinauma mara kwa mara, omba damu ipimwe ACTH. Dawa yake, pergolidi, ipo, lakini atainywa maisha yake yote.

Nimchome projesteroni ili mimba isitoke?

Inasaidia jike ambaye kitezi chake ni dhaifu. Haisaidii yai lililozeeka, na ikitolewa mji wa mimba ukiwa na maambukizi hufunga mlango uchafu ukiwa ndani. Pima kwanza. Kwa masaisi: altrenojesti, dawa ya kunywesha inayofanya kazi kama projesteroni, hupenya ngozi ya binadamu, na prostaglandini huweza kuharibu mimba ya mtu na kumbana pumzi mwenye pumu. Mwanamke mjamzito asiguse hata chupa. Wengine vaeni glavu.

Jike wangu ameanza tabia za dume, anawapanda wenzake. Ni uzee?

Mara nyingi ni uvimbe wa ovari, kwa kawaida upande mmoja, unaotoa homoni za kiume. Hupimwa kwa damu na altrasaundi. Ukiondolewa, ovari ya pili kwa kawaida huamka baada ya miezi kadhaa.

Je, naweza kutumia jike mwingine abebe?

Ndiyo, kiinitete huoshwa siku ya 7 au 8 na kuwekwa kwa jike kijana. Humwokoa mwenye mji wa mimba mbovu, ingawa yai linabaki la mzee. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred hawezi kuandikishwa hivyo; sheria zao zinataka dume ampande jike mwenyewe.

Akishika, nimwangalie vipi?

Mimba ni siku 340 hivi, na 320 hadi 365 si ajabu. Hatari ninayoihofu zaidi kwa mzee ni mshipa mkubwa wa mji wa mimba kupasuka anapozaa au saa chache baadaye. Anatoka jasho, anatetemeka, ufizi unakuwa mweupe. Usimtembeze, usimsumbue, zima taa kali, piga simu kwa daktari. Kondo lisipotoka ndani ya saa 3, piga simu. Mtoto apimwe kingamwili kwenye damu akiwa na saa 18 hadi 24, maana maziwa ya kwanza ya mama mzee yanaweza kuwa hafifu.

Joto la kwanza baada ya kuzaa huja kati ya siku ya 5 na ya 12. Kwa jike mzee mimi huliacha lipite.

Nitajuaje kwamba sasa nimwache?

Mimi huangalia miguu na meno kwanza, kisha kioo cha altrasaundi. Jike asiyeweza kubeba uzito wake hawezi kubeba wa mwingine. Mizunguko mitatu iliyofanywa vizuri, na maji yakasafishwa, na bado hakuna duara siku ya 16, basi namwambia mwenye farasi inatosha.

Yule wa kijivu alizaa mara moja tena, akiwa na miaka 20, kisha tukasimama. Yuko bado. Tunapowaachisha watoto ziwa tunawaweka kwenye uwanja wake, na usiku ule wa kwanza wanapolia kutafuta mama zao, yeye husimama katikati, nao hujibanza kwake hadi alfajiri.